Neno Alilolitupa Dulari Sokoni

Dulari, mjane wa mfinyanzi wa kijiji cha Barkheda, alikuwa na ulimi ambao watu waliupisha njia kama wanavyompisha fahali. Hakuwa mtu mbaya. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia binti mmoja, Batasiya, na tangu hapo alijitwika vyungu vilivyofinyangwa na ndugu wa marehemu, akavipeleka kwenye soko la Alhamisi kando ya barabara kuu, akaviuza kwa makelele na kurudi na unga. Bila ulimi ule wangemdhulumu hadi kibanda.

Alhamisi moja, baridi ikiwa ndiyo kwanza imeanza na umande haujakauka kwenye mashamba ya dengu, alikutana sokoni na mwanamke wa kijiji alikoolewa Batasiya. Mwanamke yule alimwambia kwamba mkwe wake anakohoa tangu mvua zilipoisha, na kwamba Batasiya amekonda, amebaki macho tu. Dulari alishusha vyungu vyake chini, akajifunga ushungi kiunoni, akaenda moja kwa moja pale alipokuwa Khemkaran.

Khemkaran alikuwa kinyozi wa Barkheda, na kama vinyozi wote wa huko alikuwa pia mshenga. Ndiye aliyeleta posa ya Batasiya. Alikuja kwa Dulari kabla ya majira ya joto, akala mkate na sukari guru, akasifu: bwana harusi ni kijana, ana jozi ya ng'ombe wa kulimia, hana dosari. Siku ya harusi bwana harusi alikuja amefunikwa uso kwa mashada ya maua, kama inavyotakiwa. Mashada yalipoinuliwa, Batasiya alikuwa amekwisha kuuzunguka moto mara saba, ndoa imefungwa, na aliyekuwa nyuma ya maua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mgane mara mbili, mwenye kikohozi.

"Thag wee!" Dulari alipaza sauti kabla hata hajamfikia. "Thag mkubwa! Leo utanieleza!"

Lilikuwa tusi la kila siku. Muuza maziwa anayeongeza maji aliitwa thag. Mtoto aliyeiba embe bichi na kumsingizia mbuzi aliitwa thag, tena kwa kupapaswa kichwa. Maana yake ilikuwa laghai, mtu anayekufunika macho huku anakuibia.

Khemkaran alikuwa amechutama akimnyoa muuza chumvi. Hakuinua kichwa. "Shemeji, ngoja nimalize shavu la pili. Ukinishtua, bwana huyu atarudi kwake na sikio moja."

Watu wakacheka, wakasogea. Dulari na Khemkaran wakianza, hakuna aliyetaka kukosa.

"Uliniambia ni kijana!"

"Nilisema ana moyo wa kijana."

"Uliniambia ana meno yote!"

"Anayo. Mengine ameyaacha nyumbani."

Muuza chumvi mwenyewe alicheka hadi sabuni ikamwingia mdomoni. Kicheko kile ndicho kilichompandisha Dulari mori. Akilini alimwona mwanawe amekonda, amebaki macho, na hapa wanaume wanashikilia mbavu.

"Umemnyonga mwanangu!" alipiga yowe. "Umemnyonga Batasiya kwa mikono yako hiyo, kwa kitambaa chako hicho begani! Na wangapi wengine umewamaliza hivi hivi, unavyozunguka vijijini na maneno yako matamu? Thag! Thag we!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Kando ya muuza sukari guru walikuwa wamesimama askari wawili wenye makoti mekundu, na kati yao mtu mwembamba mwenye pingu miguuni.

Majira yale mahema ya Mzungu, Kapteni, yalikuwa yamepigwa chini ya miti ya mihua mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Alikuja kuwatafuta wauaji wa barabarani. Si kwamba wauaji hawakuwepo. Walikuwepo, na kila mtu alimjua mtu aliyeondoka na msafara asirudi. Walijifanya wasafiri wenzako, wakala nawe, wakaimba nawe, kisha siku ya tatu kitambaa kikapita shingoni mwako. Watu wa kusini waliwaita wenye kitanzi, na wengine waliwaita kwa majina mengine. Kapteni alitaka jina moja la kuandika kwenye vitabu vyake, akachukua lile la laghai wa sokoni. Barkheda nzima haikujua kwamba neno lake limechukuliwa.

Askari mmoja alimuuliza Dulari, kwa upole kabisa, "Mama, umesema huyu ni nani?"

"Thag!" alisema Dulari, bado anahema. "Muulize mtu yeyote hapa."

Wakamshika Khemkaran. Muuza chumvi alibaki amekaa pale, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu.

Kesho yake Dulari aliitwa kwenye mahema. Alidhani Mzungu anataka kuamua kesi ya mshenga mwongo, na njiani alipanga maneno yake vizuri. Ndani ya hema kubwa alimkuta Kapteni nyuma ya meza, mtu wa makamo mwenye uso ulioungua jua, na kando yake ameketi Munshi Sheolal, karani na mkalimani, mzee mwenye miwani na wino kwenye kucha. Kapteni alizungumza Kihindi cha vitabuni, taratibu.

"Ulimwita thag."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Unajua maana ya neno hilo?"

Dulari alimtazama, akadhani anataniwa. "Nani asiyejua?"

Kapteni aligeuka kwa munshi, naye munshi akaandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa, na hilo ndilo lililomtia Dulari wasiwasi wa kwanza.

"Ukasema amemnyonga binti yako kwa kitambaa."

"Nilisema, bwana, lakini..."

"Na kwamba wapo wengine."

"Bwana mkubwa, ni maneno tu ya hasira! Nilimaanisha kumwoza kwa mtu mbaya! Mwanangu yuko hai, yuko kwa mumewe, anapika!"

Munshi aliinua macho. Alikuwa mtu wa kwanza tangu jana kuonyesha kwamba ameelewa. Alimnong'oneza Kapteni jambo, na Kapteni akafikiri kidogo.

"Basi mlete," alisema.

Dulari alitembea siku nzima hadi kijiji cha mkwewe. Alimkuta Batasiya uani anapepeta ulezi. Kweli alikuwa amekonda, lakini alipomwona mama yake alicheka, akashika tumbo, na Dulari akaelewa kwamba binti hakukonda kwa njaa. Ilikuwa mimba changa, imemkataza chakula. Mkwe alitoka ndani na blanketi mabegani akainama kugusa miguu ya Dulari. Kikohozi kilikuwa cha vumbi la makapi. Alikuwa amemnunulia Batasiya mbuzi ili apate maziwa.

"Mama, nani kakwambia ninateswa?" Batasiya aliuliza. "Mzee wangu huyu hata sauti hajanipandishia. Chumvi nikizidisha, anakunywa maji tu."

Dulari alikaa chini palepale kwenye makapi.

Asubuhi walifuatana, yeye, Batasiya na mkwe, hadi kwenye mahema. Kapteni alimtazama Batasiya, akamuuliza jina lake, jina la baba yake, na jina la mshenga wake. Alijibu yote kupitia ushungi wake. Kapteni akaridhika, akamwambia munshi aandike kwamba binti hajauawa.

"Sasa mwachie kinyozi, bwana mkubwa," Dulari alisema.

"Neno limebaki," alisema Kapteni.

Munshi Sheolal aliweka kalamu chini. Baadaye Dulari alikumbuka jinsi alivyoiweka polepole, kama mtu anayetua mzigo wa mayai. "Mheshimiwa," munshi alisema, na Dulari aliyafuata mazungumzo kwa sababu mzee alichagua kusema kwa lugha ya wote, "neno hili kwetu si jina la kabila wala la chama. Ni laghai tu. Nimemwita mwanangu hivyo, nimemwita na muuza mafuta. Katika lugha ya kale, lugha ya vitabu vya makuhani, asili yake ni kufunika. Kuficha kitu. Mshenga amemficha bwana harusi nyuma ya maua, na mama huyu amemwita kwa jina linalomstahili. Hakuna zaidi."

Kapteni alisikiliza kwa makini. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alivuta kitabu chenye jalada la ngozi, akatafuta ukurasa, akaandika mwenyewe, kwa mkono wake.

"Kufunika," alisema, amefurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Vizuri sana, Munshi. Kuficha. Ndivyo hasa wanavyofanya. Anaweza kuwa mkulima, anaweza kuwa muuza nguo, anaweza kuwa kinyozi, na jirani zake wasijue miaka ishirini. Lugha yenyewe ilikuwa inawajua."

Munshi aliichukua tena kalamu yake.  Alijaribu kusaidia, na neno lilikuwa limegeukia mkononi mwake kama kisu kisicho na mpini.

"Muiteni Bhikham," alisema Kapteni.

Akaletwa yule mtu mwembamba wa pingu. Alikuwa muuaji wa kweli, aliyekamatwa mwaka uliotangulia na kusamehewa kitanzi kwa sharti la kuwatambua wenzake. Kila soko walimpeleka, kila soko alinyoosha kidole. Khemkaran naye akaingizwa. Siku tatu zilikuwa zimemfanya mdogo. Mikono imefungwa nyuma, kitambaa chake kimewekwa mezani mbele ya Kapteni, na kinyozi mwenyewe alikuwa na ndevu zimeota ovyo. Alimwona Dulari, akajitahidi kutabasamu.

"Shemeji, umekuja kunitukana tena? Haya, tukana, bwana mkubwa yupo aandike."



Bhikham alimtazama Khemkaran muda mrefu. Kisha akamtazama Kapteni, na Dulari aliyaona macho yake yakipima uso ule wa Kizungu kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo.

"Namjua," alisema Bhikham.

"Wapi?"

"Barabara ya kaskazini, mwaka wa ukame. Alikuwa mshika miguu. Mimi nilikuwa na kitambaa, yeye alishika miguu."

"Mwaka wa ukame nilikuwa Barkheda!" Khemkaran alipiga kelele. "Muulizeni huyu mama! Niliinyoa maiti ya mumewe mwaka ule!"

"Ni kweli, bwana mkubwa!" Dulari alidakia. "Alimnyoa, naapa kwa mto mtakatifu! Naapa kwa mwanangu!"

Kapteni alimtazama bila ukali wowote. "Alhamisi uliapa kwamba ni thag," alisema. "Sokoni, mbele ya watu wote, kabla hujaogopa. Ninaamini yale ya Alhamisi."

Dulari alimngoja Bhikham nje, pale askari walipomkalisha kwenye kivuli wampe chakula. Alichutama mbele yake. "Ulimwona wapi? Niambie mimi. Ulimwona wapi?"

Bhikham aliendelea kumenya kitunguu. "Mwezi uliopita sikumtambua hata mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Bwana akaniuliza kama macho yangu yameanza kuchoka. Unajua macho yakichoka mimi napelekwa wapi?" Akauma kitunguu. "Na mimi nina shingo, mama. Halafu jina ulimpa wewe. Mimi nilimpa barabara tu."

Hawakumnyonga Khemkaran. Ushahidi wa mtu mmoja haukutosha kwa kitanzi, na wengine walisema munshi aliandika na kuandika kumtetea hadi Kapteni akachoka. Walimfunga miaka saba katika jela ya mjini. Kabla hajaingia, walimfanyia kama walivyowafanyia wote wa kesi ile: walimlaza chali, wakamshika kichwa, na mchoraji akamchanja kwa sindano na masizi chini ya jicho, neno lile moja, ili akitoka asiweze kujificha tena.

Dulari alikwenda kumwona mara ya kwanza akiwa na unga wa dengu zilizokaangwa, aliousaga mwenyewe. Jeraha lilikuwa bado limevimba. Alisimama upande wa pili wa nondo akiyakodolea macho yale maandishi.

"Si hujui kusoma," alisema Khemkaran. "Kwako wewe ni uchafu tu. Fikiria ni masizi ya chungu."

"Shemeji yangu, mimi sikumaanisha..."

"Najua ulichomaanisha. Ulimaanisha kwamba nilikudanganya. Na nilikudanganya. Mkwe wako alinipa kilemba kipya na sahani ya shaba." Akaupokea ule unga kupitia nondo. "Ulikuwa umesema kweli, ndiyo maana hata siwezi kukuchukia vizuri."

Alikwenda kila mwezi, halafu kila miezi mitatu, kwa sababu mji ulikuwa mbali na magoti yalikuwa yanaanza kuuma. Batasiya alizaa binti, kisha binti mwingine, kisha mtoto wa kiume. Kikohozi cha mkwe kiliondoka na vumbi. Na katika miaka ile Dulari aliona jambo ambalo mwanzoni hakulitia maanani. Sokoni watu waliacha kutumia lile neno. Muuza maziwa akiongeza maji, walimwita mwizi. Mama akimtania mtoto, alitafuta tusi jingine. Waliosahau na kulitamka waligeuka haraka kuangalia nani amesimama nyuma. Baadaye likarudi, lakini limerudi kama lilivyokuwa kwenye vitabu vya Kapteni: wanawake walilitumia kuwatisha watoto wasizurure, na watoto walicheza nalo njiani, mmoja na kitambaa, mmoja akishika miguu.

Khemkaran alirudi mwaka wa nane, mwezi wa baridi. Alifungua kibanda chake, akanoa wembe, akakaa. Hakuna aliyekuja. Watu aliowanyoa tangu utotoni walimsalimia kwa mbali, wakaenda kunyolewa kijiji cha pili. Hawakuwa na uhakika kwamba ni muuaji. Hawakuwa na uhakika kwamba si muuaji, na wembe ni wembe. Wenye kujua kusoma waliyasoma maandishi chini ya jicho lake, na wasiojua waliwauliza wanaojua.

Dulari alipoona siku ya kumi imepita, alimwambia Batasiya amlete mtoto mdogo. Ilikuwa zamu yake ya kunyolewa nywele za kuzaliwa, na sherehe hiyo ni kazi ya kinyozi wa kijiji, si ya mwingine. Batasiya alikubali bila kusita. Asubuhi ile Dulari alimbeba mjukuu nyongani hadi kwa Khemkaran, akapita katikati ya kijiji makusudi, na milangoni watu wakatoka kutazama.

"Nimekuletea kichwa," alisema.

Khemkaran alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Uso wake ulifanya kitu kama kucheka. "Kichwa kizuri. Cha babu yake. Hajanidai meno ya baba yake?"

Alichota maji ya vuguvugu, akamlowesha mtoto nywele taratibu, akimwimbia kitu puani. Mtoto alimkodolea macho, akanyoosha kidole kugusa yale maandishi. Kinyozi alimwachia aguse. Kisha akachukua wembe.

"Mshike mabega, shemeji, halafu niachie shingo."

Dulari alimshika mabega. Alijua kila kitu. Alijua mtu huyu alikuwa wapi mwaka wa ukame. Alijua neno lile lilitoka kinywani mwa nani, siku gani, kwa sababu gani. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake kwamba Khemkaran hajawahi kumnyonga kiumbe. Wembe ulipokaribia, mikono yake ilipanda yenyewe kutoka mabegani, ikaifunika shingo ya mtoto, ikabana.

"Niachie shingo," Khemkaran alirudia.

Alijaribu. Aliiamuru mikono kama mtu anavyoamuru punda aliyekwama matopeni. Haikutoka. Mtoto alianza kulia kwa kubanwa. Huko milangoni watu walikuwa wanaangalia, na Dulari aliona aibu hadi masikio yakavuma, na bado mikono haikutoka.

Khemkaran alisubiri. Kisha akageuza wembe, akampa yeye mpini. Akainuka, akarudi nyuma hatua tatu, akachutama kwenye vumbi.

"Shika wewe," alisema. "Anza utosini, vuta kuelekea kwako. Usikandamize. Wembe wangu ni mkali, wenyewe utakwenda."

Dulari alinyoa. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu machozi yalimziba macho na kila mara ilimbidi asimame kujifuta kwa kiwiko. Khemkaran alimwelekeza kutoka pale alipokuwa, kwa sauti ya chini, taratibu: sasa nyuma ya sikio, likunje sikio, hivyo, sasa upande wa pili. Nywele za mtoto zilianguka chini, laini, na upepo wa asubuhi ukazisukuma kidogo kidogo kuelekea miguuni kwa kinyozi.